MASHINE YA DUKANI IWE SHAHIDI, ISIWE HAKIMU

Ndugu wafanya kazi,

Mwezi uliopita dada mmoja auzaye katika duka la rejareja hapa Uthiru alimjia mjumbe wetu akilia. Mshahara wake ulikuwa umekatwa Sh. 3,600/-. Alipouliza kosa lake, mwenye duka alimwonyesha kioo cha mashine mpya ya kuuzia, akamwambia, "Si mimi nisemaye. Mashine ndiyo iliyosema kwamba pakiti 24 za unga hazipo."

Mjumbe wetu hakubishana. Aliomba jambo moja tu, nalo ni karatasi ya gari lililoleta unga. Karatasi ilisema baili mbili. Kila mtu auzaye unga ajua kwamba baili ya pakiti za kilo mbili ni pakiti 12, na baili ya pakiti za kilo moja ni pakiti 24. Unga ulioletwa ulikuwa wa kilo mbili, kwa hiyo zilikuwa pakiti 24 zote pamoja. Lakini aliyeingiza mali katika mashine, naye hakuwa dada yule, aliandika pakiti 24 kwa kila baili. Mashine ikaamini kwamba dukani mna pakiti 48. Zile 24 zilizofika ziliuzwa kwa haki na pesa zake zilikuwamo. Zile 24 "zilizopotea" hazikufika Uthiru hata siku moja. Zizidishe kwa Sh. 150/- kila pakiti, nawe utapata hizo Sh. 3,600/-.

Pesa zilirudishwa, na mwenye duka aliomba radhi. Huyo si mtu mbaya. Alinunua mashine kwa haraka kwa sababu jirani yake alikuwa nayo, wala hakuuliza maswali yanayofaa. Basi nimeona yafaa tuyaandike maswali hayo hapa, maana maduka mengi kando ya Waiyaki Way, kutoka Kangemi kuja Uthiru mpaka Kinoo, sasa yanunua mashine hizi. Tena jambo hili latuhusu mara mbili. Wako wanachama wetu wauzao katika maduka ya watu. Na wako wanachama wetu wengi ambao, wakirudi jioni kutoka kazini mjini, wana duka au kioski chao nyumbani, na wamemwajiri kijana wa kuuza. Tuliomlaumu tajiri mchana, jioni twaweza kuwa sisi ndio tajiri. Tusimfanyie mwenzetu yale tunayoyakataa.

Kwanza tujue mashine hii ilitoka wapi. Mwaka 1879 huko Dayton, katika jimbo la Ohio, Marekani, mwenye baa mmoja jina lake James Ritty alipata hati ya serikali kwa mashine ya kuhesabu mauzo. Aliitengeneza pamoja na ndugu yake kwa sababu alishuku kwamba wafanya kazi wake walimwibia. Basi tangu kuzaliwa kwake mashine hii ilitengenezwa kumchunga mfanya kazi. Tusijifanye hatujui. Lakini kitu kilichotengenezwa kumchunga mtu chaweza pia kumlinda. Mashine iandikayo kila senti aliyopokea mwuzaji itamshuhudia siku atakaposingiziwa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mimi naongeza kwamba mfanya kazi asiye na daftari hufukuzwa bila hoja.

Kwa hiyo hatupingi mashine. Anayewaambia ninyi mpinge mashine awapoteza. Serikali nayo imezidi kuzihimiza. Zilikuja mashine za ETR kuanzia mwaka 2005, ikafuata eTIMS mwaka 2023. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitaka wenye biashara watoe ankara kwa njia ya eTIMS, hata wasioandikishwa kwa VAT, na kuanzia 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikukubaliwa tena katika hesabu ya kodi. Kwa hiyo mwenye duka la jumla, au hoteli inunuayo sukari kwako, atakuuliza ankara.

Hapa ndipo wauzaji wa mashine wanapowatisha watu. Humwambia mwenye kioski kwamba asiponunua mashine yao ya maelfu ya shilingi atakamatwa. Si kweli. Halmashauri ya kodi, yaani KRA, yenyewe imetoa njia za eTIMS bila malipo, kwa simu na kwa kompyuta, na kwa mfanya biashara mdogo hata kwa kupiga *222# kwa simu ya kawaida. Basi tusichanganye mambo mawili. Ankara ya kodi ni jambo moja, na mashine ya kuendesha duka ni jambo lingine. Mashine nzuri itafanya yote mawili pamoja, lakini duka lenye mwuzaji mmoja na bidhaa hamsini laweza kutimiza sheria kwa simu na daftari. Asiyehitaji mashine asinunue.

Sasa nataka niwape habari ya mashine iliyofanywa hakimu. Huko Uingereza posta nyingi ndogo zimo ndani ya maduka ya rejareja. Mwenye duka huuza mkate na magazeti upande huu, na upande ule huuza stempu na kulipa watu pensheni. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta liliwawekea watu hao mashine za hesabu zilizoitwa Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Jioni mwenye posta alifunga hesabu, na mashine ikasema pesa zimepungua. Mkataba wake ulimtaka alipe. Wengi walilipa kwa akiba yao, wengine wakauza nyumba. Walipopiga simu kuuliza, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye taabu kama yao. Watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu ya hesabu za mashine ile. Mama mmoja, Seema Misra, alifungwa jela mwaka 2010 akiwa na mimba.

Mashine ndiyo iliyokosea. Desemba 2019 Jaji Fraser wa Mahakama Kuu alikata shauri, katika kesi iliyoongozwa na Alan Bates, kwamba mashine ilikuwa na makosa yaliyoweza kuleta upungufu usiokuwapo. Tena ilijulikana kwamba watu wa kampuni waliweza kuingia katika hesabu za posta kutoka mbali na kuzibadili bila mwenye posta kujua, jambo lililokanwa kwa miaka mingi. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia waliobaki. Lakini wengine walikuwa wamekwisha kufa na jina la wizi.

Na chama chao je? Watu hao walikuwa na chama, lakini chama hicho kilikuwa kikipokea fedha kutoka kwa shirika la posta, na jaji huyo huyo alisema mwaka 2019 kwamba hakikuwa huru. Kiliiamini mashine kuliko wanachama wake. Ndugu zangu, someni habari hiyo mara mbili. Chama kisichomsikiliza mwanachama wake aliye peke yake kimekwisha kufa, hata kama kina ofisi na bendera.

Wenye maduka nao wajifunze hapa, maana walioumia Uingereza walikuwa wenye maduka madogo. Leo unaitumia mashine kumkata kijana wako. Kesho mashine hiyo hiyo itakuambia wewe unadaiwa kodi usiyodaiwa, au itaonyesha una mali usiyokuwa nayo. Utajiteteaje ikiwa hukujua ilivyo ndani?

Basi mtu atakaye kuchagua mashine kwa duka dogo aulize mambo haya saba.

La kwanza, duka lako laendaje? Kaa kitako siku tatu na daftari. Andika ni bidhaa ngapi, wauzaji wangapi, na wateja wangapi saa moja ya jioni, wakati watu wanaposhuka matatu. Andika pia vitu vinavyopimwa, yaani mafuta ya kupikia ya kikombe, sukari ya robo, misumari ya nusu kilo. Mashine nyingi zimetengenezwa kwa maduka makubwa ambako kila kitu kina mistari ya kusomwa na taa. Zikiletwa Uthiru hazijui kukata kilo. Mwuzaji atalazimika kuandika "nusu" kama "moja", na mwisho wa mwezi ataitwa mwizi.

La pili, yafanya kazi stima ikipotea na intaneti ikikatika? Hapa petu mambo hayo si ajabu. Mashine isiyoweza kuuza bila mtandao humlazimisha mwuzaji kuandika kwenye karatasi na kuingiza baadaye, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Taka ile inayohifadhi mauzo ndani yake na kuyapeleka mtandao ukirudi. Tena tazama saa yake. Ikipotea saa, mauzo ya zamu ya mmoja yataandikwa kwa mwingine.

La tatu, kila mwuzaji ana namba yake ya siri? Hili ni kubwa kuliko yote. Ziko programu zinazotolewa bure au kwa bei ndogo, lakini kumpa kila mfanya kazi namba yake ni malipo ya ziada. Mwenye duka hukwepa malipo hayo, na watu watatu hutumia namba moja. Siku pesa zikipungua hakuna ajuaye ni nani, basi hukatwa wote, au hukatwa mnyonge wao. Nasema wazi kwamba asiyeweza kulipia namba ya kila mtu hana haki ya kumdai yeyote upungufu. Na mwenye duka naye awe na namba yake, pamoja na mkewe na mwanawe wanaochukua soda bila kuandika.

La nne, nani aweza kufuta au kubadili hesabu? Uliza kama mauzo yaliyofutwa yaacha alama, yaani saa na namba ya aliyefuta. Uliza kama kampuni yaweza kuingia kutoka mbali, na kama ikiingia itaonekana. Wakikujibu kwa kucheka, kumbuka habari ya Horizon, uende duka lingine.

La tano, malipo ya simu yaonekana wapi? Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 pesa nyingi za duka hazipiti tena kwenye droo. Mteja hulipa kwa Lipa na M-Pesa, na ujumbe huenda kwenye simu ya mwenye duka aliye mjini. Mwuzaji haoni kitu. Mteja mwongo huonyesha ujumbe wa uongo, huchukua unga na kwenda zake. Nani hukatwa? Mashine ifaayo ni ile inayoonyesha malipo pale pale penye meza ya kuuzia kabla bidhaa haijatoka. Ikiwa haiwezi, basi simu ipokeayo ujumbe na ikae dukani.

La sita, gharama yote ni kiasi gani? Usitazame bei ya siku ya kwanza. Tuseme malipo ya mwezi ni Sh. 1,500/-. Kwa mwaka ni Sh. 18,000/-, na kwa miaka mitatu ni Sh. 54,000/-. Ikiwa mkate mmoja wakupa faida ya Sh. 5/-, utauza mikate 300 kila mwezi kwa ajili ya mashine tu, kabla hujalipa kodi ya nyumba wala mshahara. Ongeza karatasi za risiti, na fundi. Uliza pia kwamba ukiacha kulipa, hesabu zako utapewa zote katika namna ya kusomeka kwingine, au zitafungiwa kama mali ya rehani. Sheria ya kodi yataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano. Hesabu ni zako, si za kampuni. Na mkiandika humo majina na simu za wateja wa deni, kumbukeni kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yakataza kuyatawanya.

La saba, nani atafundishwa, na wakati gani? Mafunzo yafanywe saa za kazi na kwa malipo, wala si Jumapili kwa bure. Afundishwe kila auzaye na kila aingizaye mali, maana kosa la dada yetu lilianzia stoo, si kwenye meza ya kuuzia. Na bidhaa zikija zihesabiwe na watu wawili, kisha wote wawili watie sahihi.

Haya saba ni ya siku ya kununua. Lakini baada ya kununua liko la kila jioni, nalo ni kufunga hesabu mbele ya wawili, mwuzaji na mwenye duka au mtu wake. Karatasi ya mwisho wa zamu ichapishwe, na pesa zihesabiwe hapo hapo. Mwuzaji apewe nakala yake. Jihadharini, kwa maana karatasi hizi za risiti huchapwa kwa joto, na zikipigwa jua au zikikaa mfukoni maandishi hufutika. Ziandikeni jumla kwenye daftari la kawaida na kutia sahihi, au zipigeni picha kwa simu. Mfanya kazi ambaye ushahidi wake umefutika ni sawa na asiye nao.

Najua wako watakaosema, "Chama chawatetea wezi." Hapana. Wezi wako, na mwizi wa dukani huwaibia pia wenzake, kwa sababu duka likifa kazi hufa. Lakini tusisahau kwamba maduka hayafi kwa wizi wa keshia tu. Nakumatt ilikuwa na mashine katika kila tawi, tena nyingi, na bado wadai wake walipiga kura Januari 2020 ivunjwe. Walioacha kazi hapo hawakuwa walioshindwa kuhesabu droo. Mashine haimzuii mkubwa kukosea. Humwonyesha mdogo tu.

Na sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, haikumpa tajiri ruhusa ya kukata apendavyo. Mali ikipotea, ni lazima iwe kwa kosa la makusudi la mfanya kazi, na kiasi kiwe cha haki. Pesa zikipungua, ni lazima uwe uzembe wake au wizi wake, tena mkataba wake uwe umesema wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea na kutunza pesa. Na makato yote pamoja hayapiti theluthi mbili za mshahara. Hakuna mahali palipoandikwa, "Mashine ikisema, kata." Tena kifungu cha 41 chasema kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, tajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa pamoja na mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kioo cha kompyuta si mahakama, na kijana anayesimamishwa mbele yake peke yake saa mbili usiku hajasikilizwa.

Watu husema duka la wauzaji watatu ni dogo mno kwa chama. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama, wala haikutaja ukubwa wa duka. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yasema tajiri akitambue chama kilicho na walio wengi kati ya wafanya kazi wake wanaoweza kujiunga. Penye wauzaji watatu, wawili ndio wengi.

Kwa hiyo shauri langu kwa tawi letu ni hili. Tuandike nusu ukurasa tu, wenye mambo manne: kila mtu na namba yake, hesabu kufungwa mbele ya wawili, nakala kwa mfanya kazi, na hakuna kukata mshahara kabla ya kutazama karatasi za mali iliyoingia na kumsikiliza mtu na mjumbe wake. Wa kwanza kutia sahihi wawe wanachama wetu wenye maduka. Tukianza sisi, tutakuwa na uso wa kuwaendea matajiri wengine. Tusipoanza sisi, watatucheka, na watakuwa na haki ya kutucheka.

Dada yule alirudi kazini Jumatatu. Sasa yeye ndiye ahesabuye baili zinapoteremshwa, na mwenye duka hutia sahihi pembeni. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mashine huulizwa, nayo hujibu.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama, Uthiru